Nimekupata kwa Ukuta ya Watu

Mama Mwende,

Nimekuona. Juzi nilipata kazi ya kubeba vigae kwa nyumba moja kubwa, hapo tu ukitoka Kawangware. Kwa ukuta wameweka picha ya kuchorwa, ni ya soko ya mitumba. Nikasimama na vigae kwa bega.

Nilikujua kwa mbali, na hiyo koti ya njano. Ulikuwa unavaa nguo ya kuuza ndio wateja waone vile inakaa kwa mtu. Mtu akiipenda unaivua hapo hapo, unavaa ingine. Hata hiyo uliyochorwa nayo haikuwa yako. Na huyo mchoraji ulinisimulia. Siku tatu amekalia stuli yako, wewe umesimama, chai ukamnunulia, akaapa atakuletea picha yako moja. Ukaniringia, "Baba Mwende, mimi nitakuwa ndani kwa matajiri, wewe utakuwa unabisha geti." Tulicheka. Hakurudi.

Hujui, ulipotuacha, nyumba yetu ya Soweto West iliungua, na picha zako zote. Sasa tunakaa Kianda. Mwende ulimwacha akinyonya. Kila saa ananiuliza mama alikuwa anakaa aje kwa uso.

Nikatoa simu. Mwenye nyumba akaniuliza, "Wewe, unapiga picha nini?"

"Madam, huyu ni bibi yangu. Alikufa."

"Hapana. Hao ni watu wa soko tu. Si mtu yeyote."

Foreman naye akaongeza, "Mutua, umeletwa kubeba vigae ama kutafuta bibi kwa ukuta?" Vijana wa mjengo wakacheka. Nikapiga tu.

Nyumbani nikaivuta ikuwe kubwa. Vifungo za koti amechora zote, moja moja. Uso yako amepaka kahawia mara moja, akaendelea na kazi yake. Macho hakuna. Mdomo hakuna. Mwende akaangalia akasema, "Baba, huyu hana uso."

Nilimtukana huyo mchoraji matusi yote najua. Kisha nikamwambia mtoto, keti nikuambie mimi. Nikaanza na sauti yako, na vile ulikuwa unasonya ukikasirika. Nikafika kwa macho nikakwama. Mama Mwende, miaka tisa tumekula sahani moja, na mimi nilikuwa naangalia chakula.

Mtoto alingoja mpaka akachoka, akaenda kucheza.

Lala huko. Ukiweza kunisamehe, nisamehe.

Ni mimi bwanako,
Baba Mwende