Mwaka wa Pili wa Editha Kidato cha Pili

Jumatatu, 1 Septemba

Nashona kola tangu asubuhi. Sare za mahafali ya darasa la saba, zote zinatakiwa wiki hii, na cherehani inakata uzi. Mchana nikaitwa shuleni. Nikafunga duka, nikaenda na vipande vya uzi kwenye gauni.

Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio. Mwanangu Kelvin amepita kwa kusuasua. Dada yake Editha ana F kila somo isipokuwa Kiswahili. Huu ni mwaka wake wa pili kidato cha pili. Mdogo wake amemkuta, wanakaa darasa moja. Mkuu wa shule hakuzunguka: Novemba akifeli tena mtihani wa taifa, anatoka. Hakuna kurudia mara ya pili.

Nimerudi sijui nimepitaje njia. Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi na Editha, wanacheka mambo yao kwa Kinyambo, lugha ya ukweni. Sikuwaambia kitu. Naogopa. Marehemu mume wangu angejua la kufanya. Au asingejua, alikuwa mtu wa kahawa tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata mwalimu wa tuisheni. Anaitwa Projestus, kijana wa Muleba. Amesomea ualimu, ajira hakuna, anaishi kwa shangazi yake Chonyonyo na kuendesha bodaboda. Mwenzangu wa duka la vitenge ndiye aliyenielekeza. Alikuja na pikipiki yake, shikamoo mama, akapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Mama mkwe akamuuliza ukoo. Mhaya mwenzangu. Nikafurahi kijinga, kana kwamba Uhaya ni shahada.

Akauliza nyumbani tunazungumza lugha gani. Niliona aibu. Watoto na bibi yao, Kinyambo. Watoto na mimi, Kiswahili, na nikikasirika Kihaya. Kiingereza kinakaa kwenye madaftari. Alitikisa kichwa kama daktari. Kichwa hicho hakijanitoka tangu jioni.

Atakuja kila siku baada ya shule, isipokuwa Jumapili. Malipo kidogo fedha, kidogo ndizi. Kibanja cha migomba kipo, Mungu ashukuriwe.

Jumamosi, 13 Septemba

Wanasomea sebuleni, mimi nashonea barazani ili nisikie. Nasikia sauti ya Kelvin. Mwalimu anauliza, Kelvin anajibu. Mwalimu anauliza, Kelvin anajibu. Editha nasikia "yes sir" tu. Nimechungulia dirishani: anaitikia kwa kichwa, kalamu mkononi, daftari safi.

Nimeamua. Kuanzia kesho nyumba hii ni Kiingereza tupu. Hakuna Kinyambo, hakuna Kiswahili. Nimekata ubao kwenye kasha la sabuni, nimeutoboa, nimeufunga utepe uliobaki kwenye sare. Kila aliyesoma huku anakijua kibao. Ukisema lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwingine, na jioni atakayekutwa nacho anachota maji ya nyumba nzima. Mimi nilikivaa kwa Kihaya darasa la tatu, na sikufa.

Mwalimu Projestus alisema labda twende polepole. Nikamwambia mtihani hauji polepole.

Jumapili, 21 Septemba

Wiki nzima nyumba kimya. Kelvin amevaa kibao mara nyingi, anafanya mchezo, anamtega hadi kuku. Editha hajakivaa hata mara moja. Nimemsifu mbele ya mdogo wake.

Kiingereza changu mwenyewe ni come, eat, water. Nakitumia hivyohivyo. Naonekana kichekesho, lakini sijali. Kanisani mchungaji alimsalimia Editha, binti akatabasamu, akainama. Hakuitikia. Nikasema moyoni ni adabu.

Jumanne, 30 Septemba

Mwalimu amewapa jaribio. Kelvin nusu na zaidi. Editha amejaza kurasa zote kwa mwandiko wa kupendeza. Mwalimu akanionyesha: ni maswali. Ameyanakili maswali yote, moja baada ya jingine, kama majibu. Mwalimu naye alikuwa ananiambia kila wiki wanaendelea vizuri. Kumbe alikuwa anamsikia Kelvin.

Nilitaka kumfukuza papo hapo. Nitampata nani mwingine Ihembe hii na mtihani uko mlangoni? Nimemeza.

Mama mkwe ameniuliza alimkosea nini mjukuu wake. Anasema akimwita amsugue dawa ya mguu, anakuja, anasugua, anaondoka. Hasemi. Nikamjibu ni mambo ya masomo, mama, yatapita. Nilikuwa na kazi za watu, sikukaa hata kidogo.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimedhalilika.

Nimerudi kutoka dukani na kukuta majirani barazani kwetu, wamekaa na mama mkwe, sahani ya kahawa katikati. Mama mkwe amevaa kibao. Mtu mzima, mjane, mama wa mume wangu, kasha la sabuni shingoni mbele za watu. Hakuna aliyekuwa anacheka. Nilimuuliza kwa Kihaya ni nini hiki. Akanijibu kwa Kinyambo, taratibu, kama anayemweleza mgeni njia:

"Watoto wameniambia ni cha mwenye kusema Kinyambo. Hii lugha wameitoa kwangu. Basi mwenye kosa ni mimi."

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ameelewa hivyo. Alivaa kwa heshima, ili mjukuu asiadhibiwe.

Nilishikwa na hasira na aibu, sijui ipi ilitangulia. Nikamfokea Editha amvue bibi yake kibao. Akaja, akafungua fundo polepole. Kisha akajivisha mwenyewe, akashika njia ya kisimani. Nikawaambia majirani wamwache, atarudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hajarudi. Shuleni hayupo. Kwa rafiki zake hayupo. Kisimani tumekuta ndoo, na kibao kimewekwa juu yake.

Nimemuuliza Kelvin dada yako yuko wapi. Akaniangalia, akasema, "I don't know, Mother." Nikauliza tena. "I don't know, Mother." Anaogopa. Dada yake amepotea na mtoto ananijibu kwa Kiingereza kwa sababu ananiogopa mimi. Nikamshika mabega.

"Sema Kinyambo. Sema Kihaya. Sema chochote, baba yangu, lakini sema."

Akalia. Ndipo akaniambia Editha alishawahi kumtajia Kimuli, kwa shangazi yao. Kibao nimekitia kwenye moto wa jikoni. Kimewaka kama kuni nyingine yoyote. Nimepiga simu kwa shangazi, haipatikani. Mtandao wa kule nao. Sijala. Nasali na maneno hayaji.

Jumamosi, 11 Oktoba

Yuko hai. Yuko Kimuli.

Mwalimu Projestus alinipeleka kwa pikipiki yake, wilaya ya Kyerwa yote vumbi, hakudai kitu hata cha mafuta. Nilimkuta Editha shambani kwa shangazi yake, anapalilia maharage, amefunga kanga kichwani kama mama wa watoto watatu. Hakukimbia. Hakuja pia. Wifi yangu alinipokea vizuri, lakini macho yake yalikuwa yananihukumu, na alikuwa na haki.

Nilimwambia Editha turudi, mtihani umekaribia, jina lake limeshasajiliwa. Nilizungumza sana. Naongeaga sana nikiogopa. Alinisubiri nimalize. Kisha akanijibu kwa Kinyambo, na ni mara ya kwanza kusikia sauti yake vizuri tangu Septemba:

"Mama, mwalimu akieleza sielewi. Nikitaka kusema sielewi, sina maneno ya kusemea. Nyumbani nilikuwa nayo, ukayafunga. Niache nilime."

Nilikaa chini kwenye tuta. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na kofia yake ngumu mkononi, na alisikia kila kitu, maana Kinyambo na Kihaya ni ndugu. Alichuchumaa mbele ya binti yangu, akamuuliza kwa Kihaya kitu gani hasa hakielewi. Wakaanza. Hapo hapo, kwenye maharage. Mimi na wifi tukaondoka tukawaacha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Amerudi kwa masharti. Asisome pamoja na Kelvin. Aulize kwa lugha yoyote inayomjia. Nimekubali yote. Angenitaka nihame nyumba ningehama.

Sasa Kelvin anasoma kwanza, kisha Editha. Mwalimu anaeleza kwa Kihaya, anarudia kwa Kiswahili, anamalizia kwa Kiingereza cha mtihani. Editha anauliza. Anauliza mpaka mwalimu anafuta jasho. Imegundulika kwamba habari za mimea anazijua, za moyo na damu anazijua, bibi yake hawezi kuchinja kuku siku hizi bila kuhutubiwa. Asichokijua ni swali lenyewe linataka nini. Kutaja, au kueleza, au kutofautisha. Miaka yote hiyo alikuwa anasimama mlangoni pa swali, hajui pa kuingilia, na hakuna aliyemuuliza.

Nimemuuliza mwalimu kama wakati unatosha. Nilitaka anidanganye.

"Mama, ningesema unatosha ungefurahi leo tu," akasema. "Hapa ndipo nilipaswa kuanza Septemba. Sikuanza."

Nilimkasirikia kwa kusema kweli. Kisha nikamfungia mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko tuliokubaliana.

Ijumaa, 31 Oktoba

Editha amepata robo ya jaribio. Mwezi uliopita alikuwa na sifuri. Robo haitoshi. Najua haitoshi. Nashona, nasimama, nashona. Leo nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, mteja amenicheka.

Kuna saa natamani mtihani usogezwe hata mwezi mmoja. Kuna saa natamani uishe tu, tujue moja. Nimekonda. Mama mkwe anasema nile, nami namwambia nimekula.

Jumatatu, 10 Novemba

Wameingia kwenye mtihani. Nilizipiga pasi sare zote mbili mwenyewe, mikunjo kama wembe. Nilitaka kumwambia Editha neno la kumtia nguvu, nikajikuta namkumbusha kalamu. Bibi yake alimshika mikono, akamwombea kwa Kinyambo, ndefu, mpaka Kelvin akaanza kuangalia saa. Editha aliitikia kila kipande.

Jioni sikumuuliza. Nilijiuma ulimi. Akasema mwenyewe kwamba mengine amejibu, na mengine ameacha wazi kwa sababu hayajui. Nikasema sawa.

Jumamosi, 10 Januari

Matokeo yametoka. Tuliyaangalia kwenye simu ya mwalimu, pale barazani.

Kelvin amepita. Editha hakupita. Amepungukiwa, si sana, lakini hakupita. Mwalimu alirudia kuangalia jina kana kwamba litabadilika. Kelvin aliondoka kwenda kibanjani, hakutaka furaha yake ionekane.

Editha alikwenda kukaa na bibi yake. Nikamsikia akimweleza somo moja moja, kwa Kinyambo, alipata nini na kwa nini. Bibi anauliza, yeye anajibu. Mwalimu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba njia bado ipo: anaweza kusoma nje ya shule na kufanya mtihani wa maarifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni safari ndefu, akasema, na sare havai tena. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Kanga nilishaishika mkononi, ya kumfutia machozi.

Alipomaliza na bibi yake akaja akasimama mbele yangu. Macho makavu.

"Mama, mwalimu ataendelea kuja?"

Nikamtazama mwalimu, naye alikuwa ameshaanza kuvaa kofia yake. Akaivua.

Nikasema ataendelea. Kisha nikaingia jikoni kuweka ndizi motoni, maana mwalimu alikuwa hajala, na somo likaanza.