Fahali Hakushtakiwa

Khayega, Kakamega
Jumapili, baada ya ibada

Kwa ndugu yangu mkubwa Philip,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Rachael na watoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia, maana baridi ya Thika nayo ina mwisho wake. Huku nyumbani mvua imeshika vizuri, mahindi yamefika magotini, na ng'ombe mweusi wa Mama amezaa. Mama anatembea, anakula kidogo, anasali sana. Mimi sijambo. Nimeanza na habari njema kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua, na kwa sababu hizo zikiisha sina nyingine.

Utajiuliza siku hizi nani anaandika barua. Ningekupigia, Philip, lakini simu zangu hushiki. Mwanzoni ilikuwa ikilia mpaka inakatika, sasa ni yule mwanamke wa kampuni tu anayenijibu kwamba mteja hapatikani. Tumezoeana naye. Basi barua hii nitampa Kipyegon, dereva wa lori la sukari, nimwambie akupe mkononi hapo langoni pa kiwanda chenu, asimwachie mlinzi.

Uliondoka kesi haijaanza, kwa hiyo acha nikueleze ilivyokwenda, usije ukasema hukujua. Habari za Greda unazijua, lakini kortini ilibidi zielezwe kwa watu wasiotujua, nami nikakaa pale nikisikia mambo ya boma letu yakisemwa kama ya wageni. Jaji aliambiwa kwamba marehemu baba yetu, mzee Shikanga, alikuwa na fahali wa kupigana jina lake Greda. Kwamba kabla hajafa alimpa rafiki yake mzee Osiako fahali huyo, kwa mdomo, mbele ya wazee, kwa sababu Osiako ndiye aliyemlea pamoja naye tangu akiwa ndama. Kwamba ulipofika wakati wa makumbusho ya Baba, mwana wake wa kwanza alikwenda kwa Osiako kudai ng'ombe aletwe acheze uwanjani kwa heshima ya marehemu, na abaki kwetu. Osiako akakataa. Alisema Greda amezeeka, bega lina kidonda, na Shikanga mwenyewe alimwomba ampumzishe. Huyo mwana wa kwanza ni wewe. Walikutaja mara moja, wakapita.

Halafu ikaja ile Jumapili. Mdogo wetu Bramwel alikwenda kwa Osiako saa za kanisa, na rafiki yake Wekesa, yule wa Matete anayesoma naye uchomeleaji hapo chuoni Sigalagala. Wekesa alishika lango. Bramwel aliingia zizini na kamba. Kumbe mzee hakwenda kanisani, goti lilikuwa limemkataza, na mkewe akabaki kumkanda. Greda alifungwa kamba bila shida, lakini akagoma kutoka. Unamjua. Akigoma ni nyumba, hasukumiki.

Hapo ndipo ndugu yetu alipofanya kosa ambalo mtoto yeyote wa Isukha angepigwa kwa kulifanya. Alipiga ule mluzi wa Baba. Akamsifu Greda kwa majina yake, ndani ya zizi, kama asubuhi ya kwenda uwanjani. Wewe na mimi tumefundishwa tangu tukiwa wadogo kwamba fahali hasifiwi zizini. Anasifiwa akiwa nje, mbele yake pakiwa peupe, watu wamekwisha kutolewa njiani. Bramwel alisema alitaka tu amwamshe atembee. Mjane wa Osiako, Mama Rosebella, alieleza kortini kwamba walikuwa jikoni waliposikia mluzi, na mzee akainuka akicheka, akasema huyo ni Shikanga, Shikanga amenijia. Akatoka bila fimbo, akaingia zizini kwa mlango wa nyuma. Greda alikwisha kupandisha damu, akamgeukia yule wa kwanza aliyemwona. Bramwel alivuta kamba mpaka viganja vikachunika. Wekesa aliacha lango akaja kuvuta naye. Hawakuweza. Wala hawakukimbia, Philip. Watu walipofika walimkuta Bramwel amempakata mzee, amemfunga tumbo kwa shati lake.

Greda alikatwa mapanga siku ile ile na hakuna aliyeonja nyama yake. Bramwel na Wekesa walishtakiwa kwa mauaji.

Nilidhani mtu akiuawa na ng'ombe ni ajali, pole ziende kwa wafiwa na mambo yaishe. Woi! Wakili wetu, Immaculate, alitukalisha mimi na Mama kwenye benchi nje ya korti akatufafanulia polepole, na pale Mama alipokwama nikamtafsiria kwa lugha yetu. Alisema sheria haiulizi tu ni mkono wa nani ulioua. Inauliza pia ulikuwa unafanya nini mtu alipokufa. Kama ulikuwa katika kutenda kosa kubwa, na kuiba ng'ombe ni kosa kubwa, upande wa mashtaka unaweza kuichukua ile nia ya kuiba wakaisimamisha mahali pa nia ya kuua. Hata kama hukumgusa marehemu. Hata kama ulimpenda. Mama akamuuliza, na huyo wa langoni je? Wakili akasema kama mlikubaliana jambo moja ovu, na kifo ni kitu kinachoweza kutarajiwa katika jambo hilo, basi kifo ni chenu nyote. Na nani asiyejua kwamba fahali wa kupigana anaweza kuua? Mama yake Wekesa, Nekesa, alikuwa ameketi kando yetu na kikapu chake cha ndizi. Aliinuka akaenda kusimama peke yake karibu na ua. Tangu hapo hatusalimii.

Hukumu yake inaweza kufika kifo, au maisha jela. Siku hizi jaji ana ruhusa ya kupima, lakini kupima si kusamehe.

Kuna mlango mmoja, na wakili alituonyesha. Kama Bramwel aliamini kwa moyo safi kwamba ng'ombe ametolewa kwetu, kwamba anakwenda kuchukua kilicho chetu kwa ruhusa, basi hakuwa mwizi. Na asipokuwa mwizi, ile nia wanayotaka kuisimamisha haipo. Inabaki bahati mbaya, au uzembe, na uzembe si mauaji. Wekesa naye anatoka kwa mlango huo huo. Wakili alimwendea Bramwel rumande akamuuliza, nani alikuambia mzee amekubali? Bramwel akatazama sakafu. Akasema alidhani tu. Wakili alirudi amekasirika, akatuambia kudhani hakuna miguu mbele ya jaji, na kwamba kijana huyu anamficha mtu.

Siku Mama Rosebella alipotoa ushahidi, aliulizwa kama mumewe angeweza kuwa amebadilisha nia bila yeye kujua. Alijibu kwa sauti ya chini, akisema asubuhi ile ile, wakinywa chai, mzee alimwambia hata Philip aje na chifu na askari, Greda hatoki. Bramwel aliinua kichwa ghafla pale kizimbani. Hakumtazama mjane. Alinitazama mimi. Jaji alipomaliza kuwasikia mashahidi wa serikali alisema kesi ya kujibu ipo, na utetezi utasikizwa Jumatano hii inayokuja.

Nisikufiche hali ya hapa nyumbani. Hatukuruhusiwa kumzika Osiako. Mama alipeleka kuku na unga kwa wafiwa, vikarudishwa njiani kabla havijafika. Mpaka wazee watutakase hatuli nao sahani moja, wala hatuchoti maji tukiwa pamoja mtoni. Mama Rosebella akiniona nateremka na mtungi hungoja juu mpaka nipande. Mwanamke aliyenisuka nywele nikiwa mdogo! Wazee nao wanasema hawatakasi uongo, ukweli utoke kwanza. Kanisani watu hututolea nafasi kwenye benchi, nafasi kubwa kuliko tunayohitaji.

Sasa nisikilize vizuri, Philip, na kama umesimama, keti.

Nilikuwepo ulipompigia. Jumamosi ya kuamkia ile Jumapili nilikuwa mlangoni nachambua mboga za mrenda, na Bramwel alikuwa ameketi karibu nami. Simu yake sikio lake liliharibika siku nyingi, huongeanga kwa spika tu, na wewe hukulijua hilo. Nilikusikia kama ninavyojisikia mwenyewe. Ulimwambia mzee Osiako amelainika, amekubali, ila hataki kugombana na mkewe, kwa hiyo waende mzee na mkewe wakiwa kanisani, wamfungue Greda, wamlete. Ulimwambia amchukue Wekesa amsaidie. Bramwel alikuuliza kama kweli mzee amekubali. Akakuuliza tena. Ulicheka ukamwambia, tangu lini mimi nikakudanganya?

Haki ya Mungu, mimi nilikuamini. Hata baada ya mzee kufa nilikuamini. Nilijiambia Osiako alikubali kweli akafa na siri yake, na kwamba Philip atapanda gari aje aseme, mimi nilizungumza naye, kijana hana hatia. Nilikungoja ukaja nyumbani siku za matanga, ukakaa siku mbili ukiwa na haraka, ukaondoka. Nilikungoja kesi ilipoanza. Bramwel aliniapisha ninyamaze. Aliniambia Philip ana watoto, mimi sina, na wewe utakuja kwa wakati wako. Nikanyamaza. Mpaka mjane aliposema yale ya chai, ndipo tulipoelewa sote wawili, yeye kule kizimbani na mimi kwenye benchi, kwamba hapakuwa na ruhusa yoyote. Ulitaka fahali aonekane kwenye makumbusho mbele ya wakwe zako, ukamtuma mdogo wako akaibe bila yeye kujua anaiba. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisikia msemo huo tangu utotoni na sikujua utakuwa na uso wako.

Nilikasirika nikashindwa kupika. Halafu nikalia, kwa sababu ni wewe uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule, na siwezi kuwachanganya watu hao wawili wakawa mmoja.

Ijumaa nilikwenda kwa wakili nikamwambia yote. Ameandika maneno yangu na Jumatano nitakuwa shahidi wa Bramwel. Bramwel hajui bado. Akijua atanichukia, na atanichukia akiwa nje, afadhali hivyo. Lakini wakili ameniambia wazi kwamba mimi ni dada wa mshtakiwa, na upande wa pili watasema nimetunga. Sauti niliyoisikia ni yako. Anayeweza kusema ni kweli, mimi ndiye niliyempigia, ni mtu mmoja tu duniani.

Sikudanganyi kuhusu yatakayokupata. Nilimuuliza. Alisema anayemtuma mwingine kwa uongo sheria humwona kama yeye mwenyewe ndiye aliyeingia zizini, na kile wanachomdai Bramwel leo wanaweza kukudai wewe kesho, hata kama ulikuwa Thika siku ile ukipiga pasi mashati yako. Alisema pia mtu aliyekuja mwenyewe husikizwa tofauti na mtu aliyeletwa. Mengine hakuahidi, nami sikuahidi.

Jana nilimwambia Mama. Nilidhani ataanguka. Aliniuliza tu kama nina hakika na sauti, nikamwambia nina hakika. Akasema amewazaa nyote kwa uchungu ule ule na hakuna atakayemfanya achague. Akasema hatakuombea usifungwe. Atakuombea uje. Wala usifikiri hakupendi, Philip, alikuwa ameshika ile sweta yako ya shule wakati akisema.

Jumatano nitaapa, nitataja jina lako, na jaji ataniuliza mtu huyo yuko wapi. Kuna majibu mawili. Naweza kumtajia mji, na askari wakaja kukuchukua mbele ya Rachael na watoto. Ama naweza kunyoosha kidole nikasema, huyu hapa, ameketi nyuma yangu. Tafadhali, ndugu yangu. Nakuomba kwa jina la Baba unayedai ulikuwa ukimheshimu.

Nisalimie Rachael, na watoto wote mmoja mmoja kwa majina yao. Mwambie asikasirike na mimi kabla hujamweleza mwenyewe. Majirani wachache wanaotusalimia wanakusalimu. Mama anakusalimu pia, na amenituma nikuandikie neno lake kama alivyolisema. Amesema chakula chako kitakuwepo, lakini ukifika Kakamega usipitie nyumbani kwanza. Pitia kortini, yeye atakuwa ameketi huko na nafasi kando yake.

Ni mimi dada yako,

Ayuma