Wifi, Nimemtoa Ramadhani kwenye Mchoro

Wifi yangu Halima,

Salamu zetu tuliobaki zikufikie, na Mola akupanulie hapo ulipolala. Mimi mzima, ila nimechoka. Naandika kwa mwandiko huu huu wa darasa la nne uliokuwa ukiuita nyayo za kuku, kwa hiyo nivumilie.

Imepita miezi saba tangu tukuzike. Nyumba yako ya Kondoa anakaa Issa na mkewe. Chumba cha mbele mwanao amekifanya duka, sukari upande mmoja na mitumba upande wa pili, maana siku hizi kila nyumba ya barabarani ni duka. Mabasi ya kuja Dodoma yamekuwa mengi, yanagombania abiria mpaka wanakunyang'anya kikapu. Lakini Issa mwenyewe hakai dukani. Miguu imemvimba kama yako ilivyovimba. Nitalifikia hilo.

Kwanza nikupe habari za Mwanaidi, kwani najua unangoja nianze. Binti yangu sasa ana maabara yake Dar es Salaam, ana funguo zake na watu wanaomwamkia. Barua zinamjia kutoka Ulaya. Wake wa watumishi wa Bunge wanaokuja kwangu kushona, hakuna anayetoka na gauni lake bila kujua kwamba nimezaa daktari wa vitu vidogo kuliko vumbi. Ungekuwepo ungesema, "Haya, mama daktari, mwambie kwanza akutibu huo mdomo." Sasa hakuna wa kuniambia hivyo, na nikijisifu mpaka mwisho bila mtu kunikata, naona hata utamu umepungua.

Unaikumbuka siku ile alipokuja nyumbani kwako na sanduku la barafu, akaupanga ukoo mzima kwenye mikeka ili atutoe damu? Ulimwambia, "Nimekulea kwa uji wa maziwa, leo waja kumnyonya shangazi yako." Watu wakacheka, nawe ukawa wa kwanza kunyoosha mkono. Alitueleza kwamba anatafuta kile kinachoshuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto na kuyajaza mafigo vifuko vya maji, mpaka figo linafanana na shada la zabibu. Tangu siku ile zabibu za sokoni nazipita. Ndicho kilichomchukua baba mkwe, kikamchukua kaka yako, mume wangu, kikaja kukuchukua wewe. Na kila mtoto wa mgonjwa, akasema, ana nusu ya kukipata na nusu ya kukikosa.

Ili akigundue kitu hicho, Mwanaidi alitaka kujua nani katoka tumbo la nani. Alikuwa na mchoro, wanawake duara, wanaume mraba, wagonjwa wamepakwa wino. Profesa wake mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti, na mimi, wifi, mbele ya mgeni nitanyamaza? Nikauhesabu ukoo wenu kama nimeuzaa mimi. Watoto sita wa tumbo moja, wa mwisho Ramadhani. Wewe ulinitazama, ukatengeneza kanga yako begani, ukaitikia kwa kichwa. Mwanaidi akachora mraba wa sita.

Wewe na mimi tulijua kuwa ni watano. Mama mkwe alikuwa amefiwa na kichanga chake, na jirani yenu kule milimani akafa kwa uzazi juma hilo hilo. Akamchukua mtoto wa yule mama akampa ziwa lililokuwa limejaa. Mlipohama kushuka mjini mtoto alikuwa bado anatambaa, basi wa huko wakamjua kuwa kitinda mimba wenu. Ungali msichana ulimbeba mgongoni. Nami nilipokuja bibi harusi, na mdomo wangu, nikasema mbona Ramadhani hafanani nanyi hata kidogo. Ukanivuta nyuma ya ghala, ukanieleza, ukanishikisha Msahafu nisiseme kwa mtu. Kwenu aliyenyonya ni ndugu, kwisha. Siku ile ya mikeka sikuona kuwa nadanganya. Ndivyo tunavyohesabu.

Sasa sikia. Baada ya kukuzika, Mwanaidi alikuja Dodoma amekonda, chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Akaniambia kazi ya miaka mitatu imeharibika. Damu ya baba mdogo Ramadhani haipatani na ya ndugu zake popote alipoipima. Aliona labda siku ile mikekani chupa zilibadilishana. Na kama mbili zilibadilishana, hana tena hakika na hata moja, itabidi ukoo wa baba yake autupe wote na kuanza upya. "Na shangazi ndiye aliyekuwa mgonjwa niliyemtegemea kuliko wote," akasema. "Nitampata wapi tena?"

Nilikaa na hilo siku mbili. Nikawa naona chupa yako imemwagwa, wifi, ile uliyoitoa ukicheka. Siku ya tatu tulikuwa tunachambua mchele uani. Nikamwambia, "Mwanangu, chupa hazikubadilishana. Ni mimi niliyekuhesabia vibaya." Nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuleta mchoro, akaufuta ule mraba wa sita taratibu mpaka karatasi ikawa nyeupe, akapuliza vumbi la ufutio. Akasema, "Baba mdogo ni baba mdogo wangu. Hapa kwenye karatasi tu ndipo simhitaji." Watano waliobaki wakapatana. Chupa yako haikutupwa. Ameniambia kwamba wewe ndiye uliyemwonyesha pa kutafuta, na hilo nimelisema kwa kila mteja, ila sababu yake sikuisema.

Kafara ya kiapo nimetoa. Nilipika wali wa maskini kumi, wakala wakashiba. Majirani wakadhani ni sadaka yako, wakakuombea dua ndefu. Sikuwasahihisha.

Utauliza chupa ya Mwanaidi mwenyewe inasemaje. Imo humo, aliitoa pamoja na zenu, naye ni mtoto wa kaka yako. Hajaniambia na sijauliza. Huyu mimi ninayeuliza bei ya nguo ya mtu nisiyemjua.

Ramadhani, wewe unamjua alivyoishi na hofu. Kila mgongo ukimuuma anaita mashahidi aandike wasia. Mwanaidi alimpeleka kwenye ule mtambo wa kutazama tumboni, akaambiwa mafigo yako safi. Akasujudu pale pale koridoni, wagonjwa wanamruka. Mwanaidi hakumwambia zaidi, nami nikashukuru, nikadhani tumemaliza.

Jumamosi akaja hapa kwangu. Amesikia kuwa mafigo ya Issa yanakwisha, na kwamba India kuna hospitali wanamkata mzima figo moja wakampa mgonjwa, na kwamba ndugu ndiye anayetakiwa. Akakaa, akavua kofia, akasema, "Shemeji, ninayo mawili mazima. Moja ni la mtoto wa dada. Halima kanibeba mgongoni."

Wifi, nilimtilia chai nikasahau sukari, akainywa hivyo hivyo.

Nikampigia Mwanaidi simu kutoka posta. Anasema asiye wa damu huenda akafaa, huenda asifae, lazima wapimwe wote wawili kwanza. Na wakipimwa, madaktari wataona kwamba Issa si mpwa wake, nao hawatajua kwamba ni siri. Tukimzuia Ramadhani asipimwe, Issa anapoteza mlango mmoja, na milango yake si mingi. Tukimwacha aende, atalisikia kwa mtu asiyemjua, mwenye karatasi mkononi na wagonjwa wengine kwenye foleni.

Hilo sitaliruhusu. Ijumaa baada ya swala nitakuwa Kondoa. Nitamkalisha Ramadhani nyumbani kwako, peke yetu, nami nitamwambia kwa kinywa changu. Najua ulilikataza hili mpaka mwisho. Nitapika tena wali wa watu kumi, na kama una ghadhabu, iweke, utanitolea tukikutana. Sitaanza na yule mama aliyekufa kwa uzazi. Nitaanza na ziwa, na mgongo wako, na vile ulivyoitikia kwa kichwa alipohesabiwa wa sita.

Kisha atajua mwenyewe la kufanya na figo lake. Akiinuka akaenda zake, sitamlaumu, na kwangu atabaki shemeji. Akinyoosha mkono apimwe, nitakuwa nimesimama pembeni yake, nimemshikia kofia.

Pumzika, wifi yangu. Mwanao hatutamwacha.

Wifi yako,
Mama Mwanaidi