Kuni za Bi Zelie na Meseji Niliyoifungua

Mshauri, salamu. Sijawahi kuandika gazetini na sijui kama inaandikwa hivi, naandika kwa kidole kwenye simu nikiwa ndani ya pikapu ya bosi wangu, yeye yuko ndani kwa mteja anakunywa kahawa, na akishakaa kwenye kahawa ni nusu saa, kwa hiyo nina nusu saa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, sababu ya Jumapili nitaisema mbele.

Nina miaka ishirini na mbili. Shule niliacha darasa la saba, kila mwaka msimu wa viazi ulinikuta shambani na ukiisha wenzangu wamefika mbali, mwisho nikaacha kurudi. Nasoma polepole lakini nasoma. Watu wananiona kama bubu, mimi sio bubu, ni kwamba nikinyamaza watu wanasahau kama nipo, na wakisahau naona vitu vingi, namwona mtu dukani anavyobonyeza namba yake ya siri, kidole gumba kinaenda juu, kati, chini, kati, sitaki kuona lakini naona, najua namba za watu kama sita hivi na sijawahi kuzifanyia kitu.

Bosi wangu ni mzee Euclide, anauza kuni, mimi nazipasua, nazipakia na kuzipanga kwa wateja. Simu yake haina kufuli, inakaa mbele ya usukani mchana kutwa, na yeye macho yake hayaoni karibu, kwa hiyo meseji ikiingia ananirushia simu, anasema, "Rosaire, soma, macho yako bado mapya." Wateja siku hizi wanamlipa kwa simu. Meseji inakuja na linki, unaifungua, inakuuliza swali aliloliweka anayetuma, ukijibu sawa unachagua benki yako na hela inaingia kwenye akaunti yako.

Sasa shida yenyewe ni lile swali. Pale ukumbi wa parokia kila Jumatano tunacheza bahati nasibu ya kutafuta ree ya shupaza kwenye karata, tiketi watu wananunua kwa simu, na katibu wa ukumbi alichoka watu kumwekea maswali ya ajabu ajabu, mwingine anamuuliza marehemu mama yangu alipenda maua gani, yeye atajuaje, basi akaamua kijiji kizima tutumie jibu moja, jina la mbwa wa padri. Akaliandika kwenye boksi kwa kalamu nene akalitundika mlangoni mwa ukumbi. Watu wakalizoea. Wakawa wanalitumia kwa kila kitu, kulipa fundi bomba, kuwatumia watoto wao huko mjini Moncton, kulipa kuni, hilo hilo jina la mbwa.

Mimi nilimwambia mzee Euclide mwezi wa tisa, nikamwambia mzee, mtu yeyote akishika simu yako anaweza kuvuta hela zako zikaingia kwake. Akaniangalia akasema, "Mtu gani? Wewe?" akacheka mpaka akapiga honi. Tulipofika kwa Bi Zelie akamhadithia, "Zelie, mkaribishe huyu vizuri, kumbe nabeba mkurugenzi wa benki." Bi Zelie akacheka na yeye, akaniwekea ploye za moto, vile vichapati vya huku kwetu, na molasi, akasema, "Kula, mkurugenzi." Sikukasirika sana. Nilikula. Ila liliniingia.

Bi Zelie ana miaka sabini na nane, mjane, anakaa peke yake kwenye nyumba aliyojenga na mume wake, na joto lake lote ni jiko la kuni. Yeye na mzee Euclide ni marafiki tangu ujana, wanacheza karata upande mmoja, kila mtu anajua ukikaa mezani na hao wawili umeliwa.

Jumatatu wiki tatu zilizopita niko kwenye pikapu peke yangu, kama hivi sasa, simu ya mzee ikalia, nikasoma, Bi Zelie ametuma dola mia tisa za kuni za msimu wote. Nikajitumia ile linki kwenye simu yangu. Nikaifungua, nikaandika jina la mbwa, nikachagua benki yangu, nikajua haitakubali, itasema wewe sio Euclide. Haikusema. Ikasema hongera, hela zimeingia. Nakuapia nilitaka nimwonyeshe tu mzee, nimwambie unaona, nilikuambia nini. Nikakaa na maneno mdomoni. Akatoka ndani kwa mteja ana hasira, wamegombana kuhusu kuni mbichi, akawasha gari, nikasema nitamwambia tukifika kona, kona ikapita, nikasema kwenye daraja, daraja likapita.

Siku ya tatu akaniuliza, "Zelie hajatuma?" Nikasema sijaona. Hapo ndipo nilipoharibu, najua.

Wiki iliyofuata tukapita kwake bila mzigo. Mimi nilibaki kwenye gari, dirisha liko wazi. Bi Zelie anasema, "Kuni zangu ziko wapi?" Mzee anasema, "Na wewe hela zangu ziko wapi?" Bi Zelie akamwonyesha simu, "Soma hapa, zimepokelewa, au na kusoma nikusomee mimi?" Mzee akasema, "Zimepokelewa na nani? Mimi benki yangu haina hata senti yako." Bi Zelie akasema, "We Euclide, mwanaume mzima, unamwibia mjane?" Mzee akasema, "Zelie, umri umekufika kichwani, wewe umebonyeza vibaya sasa unanitafutia ubaya." Bi Zelie akafunga mlango. Mzee akarudi kwenye gari, hakuwasha, akaniuliza, "Wewe unaonaje, kichwa chake kiko sawa kweli?" Nikapandisha kioo cha dirisha.

Sasa hawachezi karata. Bi Zelie anachoma masanduku ya zamani ya viazi, amefunga vyumba vyote anaishi jikoni. Mimi nilimpelekea kuni chache nikaziweka nyuma ya nyumba, akanikuta. Akaniambia, "Rosaire mwanangu, kumbe wewe ndiye unayenifikiria. Nimekaa nimewaza, labda kweli nilibonyeza vibaya. Naanza kusahau vitu." Mimi najua hakubonyeza vibaya. Alibonyeza vizuri kabisa.

Binti yake wa Moncton amesikia. Amesema kama mama hawezi tena kushika hela zake basi hawezi kukaa peke yake, Jumapili hii anakuja na fomu za nyumba ya wazee, mama aweke sahihi, nyumba iuzwe kabla ya Pasaka. Na Bi Zelie amekubali. Hapigani. Ameanza kugawa vikombe.

Hela zipo, sijazigusa. Hapana, nimezigusa, nimenunua matairi mawili ya theluji, nimeona niseme. Nataka kujua kama naweza kuzirudisha bila mtu kujua ni mimi, nimtumie mzee Euclide nijifanye ni Bi Zelie, au nizitie kwenye sanduku la barua la Bi Zelie ndani ya bahasha. Na kama nikisema, nisemeje, mimi sijui kusema. Mzee anatoka, naishia hapa.

Rosaire


JIBU LA MSHAURI

Rosaire, nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili huruma ikapungua.

Tuanze na unalolitaka, kurudisha bila kujulikana. Hakuna kitu hicho. Unadhani hakuna aliyekuona kwa sababu umezoea kuwa wewe ndiye unayeona. Benki ilikuona tangu dakika ile ile. Jina lako, siku, saa na akaunti yako, vyote vimeandikwa. Bi Zelie au mzee Euclide wakipiga simu benki na kuuliza hela zile zimekwenda wapi, jina litakalotoka ni lako. Hawajauliza kwa sababu kila mmoja ameshaamua mwizi ni mwenzake. Umejificha nyuma ya ugomvi wao, basi.

Bahasha ya sandukuni itafanya nini? Bi Zelie ataikuta, atamwambia binti yake, binti atasema mama ulizificha mwenyewe ukasahau. Utakuwa umerudisha hela na kummaliza kabisa. Na ukimtumia Euclide kwa jina la Bi Zelie, huo ni uongo mwingine juu ya uongo, na benki nayo itauona.

Unasema ulitaka kumwonyesha tu. Nakuamini, kwa dakika tano za kwanza. Mtu anayetaka kuonyesha haongezi "sijaona", na hanunui matairi. Kisheria huo ni wizi, hata kama jibu lilikuwa limetundikwa mlangoni. Bi Zelie akiamua kwenda polisi ni haki yake, usimwombe asiende. Bosi wako anaweza kukufukuza, na hiyo pia ni haki yake. Lakini kijana aliyekwenda mwenyewe huwa anasikilizwa tofauti na aliyefuatwa.

Huruma yako ya kumpelekea kuni nyuma ya nyumba siisifu. Mama amekushukuru kwa hisani ambayo gharama yake kalipa yeye. Hatari kubwa hapa sio baridi. Hatari ni kwamba mwanamke mwenye akili timamu ameanza kujiona hana akili, na yupo mtu mmoja tu duniani mwenye uthibitisho kwamba ni mzima. Mtu huyo ni wewe, na umekaa garini unaangalia daraja linapita.

Basi utafanya hivi. Kesho asubuhi geuza kadi yako ya benki, nyuma kuna namba ya simu. Piga hiyo, usipige namba nyingine yoyote uliyotumiwa kwa meseji. Waambie umepokea hela zisizo zako, uliifungua linki ya mtu mwingine, unataka zirudi. Wao watakuambia njia, ifuate hiyo hiyo, na andika jina la uliyeongea naye. Matairi yarudishe dukani kama bado hujayafunga, kama umeyafunga, bosi akishajua muombe akate pengo hilo kwenye mshahara. Ukishafanya hivyo, siku hiyo hiyo, mwambie Euclide akupeleke kwa Bi Zelie. Usimwambie yeye peke yake garini, atakuja juu na wewe utanywea. Waambie wote wawili, meza moja.

Hujui kusema, sawa. Fungua ukurasa wa akaunti yako kwenye simu, pale penye ile siku na zile mia tisa, iweke mezani mbele yao. Kisha sema neno moja tu, "Mimi." Wao watayaongea mengine yote, usiwe na wasiwasi. Wakikutukana, kaa. Wakimaliza, muombe Bi Zelie ampigie binti yake papo hapo, na wewe umwambie kwa sauti yako kwamba mama hakukosea popote. Hilo binti asilisikie kwa mama, atadhani anajitetea. Alisikie kwako.

Na ninyi wengine mnaosoma huku mnamcheka Rosaire, subirini. Jina la mbwa aliliandika kwenye barua, nimelifuta, ingawa najua kijiji kile kizima kinalijua, na hicho ndicho kilichowafikisha hapa. Jibu la siri ni la watu wawili, anayetuma na anayepokea. Mpigie mtu umwambie kwa mdomo, usimwandikie kwenye meseji ile ile yenye hela, na kesho ukituma tena tafuta jibu jingine. Lile boksi mlangoni mwa ukumbi, katibu, liondoe leo. Kwa wanaopokea hela mara kwa mara kama mzee Euclide, benki inaweza kukuwekea hela ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yako bila swali wala linki. Nenda ukaombe, ni kazi ya robo saa, kunywa kahawa moja pungufu. Simu weka kufuli. Kama macho hayaoni karibu, maandishi ya simu yanakuzwa, au nunua miwani. Kumpa mtu simu akusomee meseji za benki ni kumpa mfuko wako akuhesabie.

Na ukiona imeandikwa "zimepokelewa," usibishane na rafiki yako mlangoni. Meseji inasema zimepokelewa, haisemi na nani. Wote wawili mlikuwa na simu mkononi, na kuipigia benki kungewachukua muda mfupi kuliko kutukanana. Bi Zelie, Euclide, hili ni lenu.

Nakurudia wewe, Rosaire. Ulikuwa na haki mwezi wa tisa na walikucheka. Ilikuuma, naelewa. Lakini imani uliyotaka wakupe umeifuta mwenyewe, na utairudisha polepole kuliko zile hela.

Jibu hili nimelituma kwenye simu yako leo, Jumanne. Gazetini litatoka Jumamosi, siwezi kulizuia, maana vijiji vyenye jibu moja ni vingi. Majina nimebadilisha, lakini wauza kuni bondeni kwenu hawafiki watano, na huyo niliyemwita Bi Zelie hulisoma gazeti hili mpaka matangazo. Una Jumatano, Alhamisi na Ijumaa za kusema mwenyewe. Jumamosi nitakuwa nimekusemea.