Mwendo wa Themanini

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimejiwekea nadhiri: humu nitaandika yote, hata yale ambayo mwalimu angeyapiga mstari mwekundu. Nianze na hewa.

Mwalimu wa fizikia ametuambia hewa ni ukuta. Gari linausukuma ukuta huo njia nzima, na likiongeza mwendo mara mbili, ukuta unakuwa mzito mara nne. Mara nne! Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi kalamu ilinigandia mkononi. Kumbe petroli yetu inanywewa na kitu nisichokiona.

Kwa nini jambo hili limenigusa: Mama anasomea ukunga mji wa mbali, miaka miwili. Tunamwona kila baada ya wiki nne, kwa sababu mshahara wa Baba unatoa tangi moja tu kwa mwezi, nalo linaisha kwenda na kurudi. Tukifika nyumbani taa nyekundu inawaka. Juzi kwenye simu Mama alilia. Alisema wiki nne zimemshinda. Zingekuwa tatu angejikaza. Jumatatu lazima amjibu mkuu wa chuo: anaendelea au anaacha.

Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la jiografia. Tukibakiza robo ya tangi kila safari, wiki tatu zinawezekana. Robo tu.

Shida ni Baba.

Ijumaa, 7 Juni

Baba ni dereva wa gari la wagonjwa. Mtaani anaitwa King'ora. Hata akienda kununua chumvi anaendesha kama kuna mtu anakata roho kiti cha nyuma. Kwenye barabara kuu hashuki chini ya mia na kumi.

Nilimweleza wakati anaosha gari letu. Alisikiliza hadi mwisho — ana sifa hiyo. Nikamalizia na haraka haraka haina baraka. Akasema aliyetunga methali hiyo hakuwahi kubeba mgonjwa. Fizikia ni nzuri, ila mguu wake umesoma shule nyingine: miaka yote hii, akichelewa yeye, kuna watu wanavaa nguo za msiba.

Nikamwambia kesho nyuma hakuna mgonjwa. Ni mimi tu.

Akakamua kitambaa. Akakikamua tena, na hakikuwa na maji.

"Themanini," akasema. "Wenzangu wakiniona, mwanangu, nitahama mji."

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwenye benchi la wageni, chuoni kwa Mama. Ameitwa wodini kidogo. Niandike kabla hayajapoa.

Tuliondoka asubuhi, tangi limejaa. Mimi nyuma, maana kiti cha mbele ni cha Mama na hakikaliwi na mtu. Themanini. Kila mtu alitupita. Lori la kuku lilitupita, na nadhani kuku wenyewe walitutazama. Konda wa basi alichomoza kichwa akauliza kama tunahitaji kusukumwa. Shingo ya Baba ikawa ngumu. Kwa aibu akawasha taa zote nne za tahadhari, kama afanyavyo kazini gari likimharibikia.

Gari la nyuma yetu nalo likawasha zake, likapunguza mwendo. La nyuma yake pia. Nikageuka: msururu mzima, umetulia, hakuna anayepiga honi. Mafundi wa barabara waliokuwa wakiziba mashimo waliweka sepeto chini, wakavua kofia. Baba alitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Wanadhani tumebeba maiti," akasema.

Nilicheka mpaka machozi. Naye akacheka, usukani ukatikisika. Akazima taa. Wakatupita mmoja mmoja, na mama mmoja akaweka mkono kifuani kutupa pole.

Baada ya hapo ikawa safari nyingine. Nilitoa mkono dirishani. Siku zote upepo huurusha nyuma kama umepigwa kofi; leo ulielea, ukapanda na kushuka kama una akili zake. Niliishika hewa! Na barabara — nimepita hapa miezi yote hii, sikujua chini ya lile daraja refu kuna mto. Mto mzima! Maji ya kijani, na mti ulioinama juu yake umejaa ndege weupe. Tulikuwa tunaruka juu yao kila mwezi bila kuwasalimu.

Halafu Baba akaongea. Akiendesha kasi haongei. Alisema kazini nesi hukaa nyuma na mgonjwa, katikati kuna kioo, na king'ora kikilia huwezi kusikia sauti ya mtu. Kwa hiyo nesi hugonga kioo. Mara moja: kaza. Mara mbili: taratibu. Kwenye daraja hilohilo, siku ya mvua, akiwa amebeba mama mwenye uchungu, aligongewa mara mbili. Akaenda mwendo wa kinyonga, kila gari linamtukana kwa honi. Walipofika ng'ambo akasikia kichanga kinalia.

Sikuwahi kuisikia hadithi hii. Nilimuuliza kwa nini hakutusimulia. Akasema kila akipita pale anakuwa ameshapita.

Mama mikono inanuka sabuni ya hospitali. Wiki hii amezalisha mwenyewe kwa mara ya kwanza, msimamizi kasimama pembeni tu. Alituonyesha mikono, imekunjuliwa, kama bado imebeba. Baba, mtu aliyebeba wazazi wangapi sijui, aliishika mikono hiyo kama ndiyo kwanza anaiona.

Kisha Mama akawa mkali: tukifika nyumbani tutazame mshale wa mafuta, tumwambie ukweli, tusimpambie. Ila jioni atakuwa wodini, na huko haruhusiwi kuongea wala kuandika kwenye simu. Baba akamwambia tutamwandikia, naye abipu tu: simu ilie, akate. Mara moja: tukamchukue, anarudi nyumbani. Mara mbili: taratibu, anabaki.

Nataka amalize. Nataka pia arudi. Niliapa kuandika yote. Basi na hilo limo.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Tumo ndani ya gari, mbele ya nyumba yetu. Hatujashuka.

Kurudi kulikuwa kwema hadi kilima cha kuingilia mji wetu. King'ora kikalia nyuma yetu. Baba alisogea pembeni, gari la wagonjwa likatupita. Dereva ni mwenzake, akapunga mkono. Na mguu wa Baba ukaenda wenyewe. Tisini. Mia. Mia na kumi. Macho yake yalikuwa kwenye zile taa. Nilimwita, hakusikia. Nikamwita tena.

Nikagonga mgongo wa kiti chake. Mara mbili.

Mguu uliinuka. Gari lote likashusha pumzi.

"Asante, nesi," akasema, bila kugeuka.

Mshale umelala juu ya mstari wa robo. Juu yake kabisa. Ukiutazama upande wa Baba umezidi. Ukiutazama upande wangu umepungua. Tumebadilishana viti kuhakikisha. Nimemwandikia Mama hivyohivyo, bila pambo, na mwishoni: wiki tatu zinawezekana, tukienda taratibu. Unabaki?

Baba ameiweka simu kwenye kiti cha Mama.

Imelia mara moja. Imekata.

Baba ameinua kidole, nisiseme neno. Mama, ndiyo yote hiyo, au unavuta pumzi kwanza?