Kipimo cha Gesi Magotini

Acha unachofanya usome hapa.

Shemeji yake msimamizi kapewa cheti. Yule tunayemwita Bwana Tai. Cheti cha kupima gesi mgodini, kile kile nilichokisotea mimi miaka mitatu.

Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyepeleka vifaa vya kupimia gesi kwenye mtihani. Mtahini kamwambia apime gesi kwenye handaki la mazoezi. Jamaa kainama, kashika kipimo magotini.

MAGOTINI. Kama fundi anayempima mtu suruali.

Hata mwanangu wa darasa la pili anajua gesi ya makaa ya mawe, ile inayolipuka, hupanda, inajikusanya juu kwenye dari. Yeye kasoma sifuri huko chini, kasema, "Hewa safi." Mtahini kaandika amefaulu.

Nikamwambia mtahini, mzee, huyu hajapima juu. Msimamizi, naye alikuwepo, kanigeukia: "Wivu utakuua wewe."

Wivu. Mimi.

Nikamjibu, "Kitakachoniua si wivu, ni shemeji yako."

Nikawaambia basi sawa, kesho asubuhi Bwana Tai apime, akisema hewa safi nyinyi wawili mtangulie kuingia, mimi nitafuata nyuma yenu.

Unajua walijibu nini? Mtahini ana mkutano. Msimamizi mgongo unamsumbua. Ghafla tu, mgongo.

Sasa sikia hii. Natoka nje kwa hasira, Bwana Tai ananifuata mbio, cheti kiko mkononi, hata wino haujakauka. Ananinong'oneza:

"Kaka, kesho kabla sijaingia, utanipimia wewe?"