Nyimbo za Mama Mdogo Zilizobaki Kwenye Simu

Jumapili, Acocks Green. Manyunyu tangu asubuhi.

Niseme tu. Nimemwaibisha mama mdogo Sahra.

Ni mdogo wake marehemu mama, na hapa Birmingham simjui mwingine anayekumbuka buraanbur za harusi walizoimba bibi zetu kule Garissa. Ni mashairi ya wanawake, huimbwa wanaume wakishatoka. Nimekuwa nikimrekodi jikoni kwake na kuziweka kwenye hazina ya kidijitali ya jumuiya yetu ya Wasomali, kwa sharti moja: wasikilize wanawake tu. Kwenye tovuti kuna kisanduku cha kuchagua nani aweze kufungua. Ijumaa, nikiwa na haraka ya kuwahi zamu, sikukigusa. Wimbo ukawa wazi kwa kila mtu.

Binamu yangu, kwa furaha zake, akaurusha kwenye grupu la familia. Mkwe wa mama mdogo, mume wa binti yake, akausikiliza wote, mpaka pale waume wanapotaniwa. Akaandika, "Mashallah, mama." Hakuwa na ubaya wowote, maskini.

Mchana nilikwenda kwake kuomba radhi. Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

"Nilikwambia wanawake peke yao," alisema. "Sasa huyo akikuja kula kwangu nitamwangalia na macho gani? Delete zote. Hapa hapa, nikiona."

Nikamwambia nitafuta huo mmoja, nyingine zimefungwa.

"Hata hiyo ulisema imefungwa."

Nikazifuta kwenye tovuti, moja moja, yeye amesimama begani kwangu, mkono bado una unga wa mikate ya anjera.

"Na kwa simu?"

Nikasema kwa simu hakuna kitu.

Nilimdanganya.

Zote ninazo. Najiambia ni kwa ajili ya binti zangu, wanaoelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Najiambia siku akiondoka, zitaondoka naye. Ni kweli, lakini kweli hiyo hainipi haki ya kumficha sauti yake mwenyewe. Naona haya hata kuandika.

Kesho nikitoka kazini nitapita kwake, nikiri, nimpe simu mkononi na kumwonyesha pa kubonyeza ili zifutike.

Naomba asibonyeze. Akibonyeza, sitamzuia.